Bateri Moja, Mechi 33: Kwa Nini Play 2 Bado Ina Kazi Goma

Mwenye sale (ukumbi) ya michezo ya video hapa Goma, Birere au Ndosho, akikutwa bado na Play 2 (PlayStation 2) tatu na televisheni za inchi 32, hakosi mtu wa kumcheka. Maneno ni yale yale: watu wako kwenye Play 5, wewe ungali unawachezesha vijana mpira wa 2013 wenye wachezaji waliokwisha kustaafu. Uza hayo masanduku, kopa, nunua Play 5 moja, wateja watakuja wenyewe. Shauri hilo lina ukweli ndani yake, na tutaufikia. Ila wanaolitoa huwa wanatazama kioo tu. Hawafuati waya unaotoka nyuma ya televisheni waone unaishia wapi.

Unaishia kwenye bateri. Mitambo ya umeme wa maji ya Matebe na paneli za jua za Ndosho zimeipunguzia Goma giza katika miaka kumi hii, hakuna wa kubisha. Hata hivyo umeme unaokatika jioni ni ule ule unaokatika wateja wakiwa wamejaa, na mwishoni mwa Januari 2025 mji mzima ulijua tena maana ya kukaa siku kadhaa bila waya kutoa kitu. Sale inayotegemea waya peke yake ni sale ya nusu siku. Kwa hiyo hesabu ya kwanza ya biashara hii ni wati, na uzuri wa majani ya uwanja unafuata baadaye sana.

Tuifanye hesabu yenyewe. Bateri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200 kwenye karatasi. Ukiimaliza yote kila siku, baada ya miezi michache umenunua jiwe. Mwenye akili anatumia nusu, yaani 600. Inverta nayo inakula sehemu yake, tuseme moja ya kumi. Zinabaki 540. Play 2 nyembamba inatumia wati 25 hivi, na adapta yake ya volti 8.5 na ampea 5.65 haiwezi kutoa zaidi ya 48 hata ikitaka. Ongeza televisheni ya LED ya inchi 32, wati 50. Jumla 75. Bateri hiyo itakuchezesha saa 7 na dakika chache. Play 5 ikiwa ndani ya mchezo inazunguka kwenye wati 200. Pamoja na televisheni ile ile ni 250. Bateri inakwisha baada ya saa 2 na dakika 10.

Sasa geuza saa ziwe mechi, maana sale haiuzi saa. Mechi ya dakika tano kila kipindi, ukihesabu kuchagua timu, marudio ya magoli na kubishana kidogo, inachukua dakika 13. Play 2 inatoa mechi 33 kwa bateri moja. Play 5 inatoa 10. Ili mwenye Play 5 apate fedha ile ile gizani, inabidi mechi yake iuzwe mara tatu ya bei ya jirani. Mtoto aliyeshika noti moja mkononi hatanunua theluthi ya mechi. Na tazama upande mwingine wa hesabu hiyo hiyo: Play 2 nne na televisheni zake nne zinakula wati 300. Wachezaji wanane wamekaa, wote wanacheza, kwa umeme unaozidi kidogo tu ule wa Play 5 moja yenye watu wawili mbele na kumi wanaosubiri nyuma. Anayemwambia mwenye sale kwamba amebaki nyuma angeanza kwa kuzipinga namba hizi. Hajitokezi mtu.

Baada ya umeme, diski. Play 2 inasoma DVD; karibu kila mchezo umo mzima katika gigabaiti 4.7 au pungufu. Toleo la mchezo wa mpira wa kampuni ya EA la miaka hii, kwa kompyuta, linaomba nafasi ya gigabaiti 100. Hizo ni zaidi ya DVD 21. Ukizishusha kwa mtandao wa megabiti 5 kwa sekunde usiokatika hata mara moja, unahitaji saa 44. Usiokatika hata mara moja, na hapo ndipo ilipo kazi. Mega zenyewe, yaani data za intaneti, mnunuzi anajua bei yake, hakuna haja ya kumhesabia.

Watasema nunua diski basi, usishushe. Sawa, lakini Play 5 ya toleo la dijitali haina mlango wa diski kabisa, na Play 5 Pro iliyotoka Novemba 2024 inauzwa bila huo mlango. Ile nyembamba ya 2023 ina msomaji wa diski unaochomolewa, na ukiuunganisha mara ya kwanza ni lazima mashine iingie mtandaoni kuutambua. Mtu amenunua chombo cha kusomea diski, diski anayo mkononi, na bado anaomba ruhusa.

Kisha akaunti. Kongo haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na mtandao wa PlayStation. Kijana wa Goma anayefungua akaunti anaandika Ubelgiji au Ufaransa na kuendelea, na kila mtu anajua. Tatizo linaanza kwenye malipo: kadi ya zawadi ya nchi moja haikubaliki kwenye akaunti ya nchi nyingine, kwa hiyo ukikosea dukani umenunua tarakimu tupu. Mwezi wa Mei 2024 jambo hili lilijitokeza hadharani. Sony ilitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wafungue akaunti hizo kwa lazima, mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi 177, nyingi zikiwa zile ambazo mtandao huo haujafika. Kelele zikapigwa na sharti la akaunti likaondolewa. Jambo la kutazama hapo ni jinsi ramani ilivyochorwa. Sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa nje ya mstari tangu mwanzo, na wengi hawakuwa na habari.

Kuna pia swali la mchezo ni wa nani. The Crew, mchezo wa magari wa Ubisoft uliotoka 2014, ulikufa Machi 31, 2024 seva zilipozimwa. Haukubaki hata ule wa kucheza peke yako. Diski iliyonunuliwa kwa fedha halali ikawa sahani. Huko Ulaya zaidi ya watu milioni 1 walitia saini ombi kwamba kampuni zilazimishwe kuacha mchezo katika hali ya kuchezeka zinapouacha. Huko wanalipigania kwa saini jambo ambalo Play 2 inalo kwa sababu tu ilizaliwa mwaka 2000, kabla ya mtu kufikiria kuweka mlango wa nyumba yako mikononi mwa kampuni ya mbali.

Na hoja ya wachezaji waliostaafu? Hiyo ni nusu ya kweli. Vikosi vya PES, mchezo wa mpira wa kampuni ya Konami, kwenye Play 2 vimo katika faili la kadi ya kumbukumbu, ile ya megabaiti 8, na faili hilo linabadilishwa. Unalileta kwa ufunguo wa USB (flashi), unalihamishia kwenye kadi kwa programu ya uLaunchELF, unawasha mchezo, majina na timu yamekuwa ya msimu huu. Brazili wapo mashabiki ambao hadi leo wanautengeneza upya mchezo huo chini ya jina la Bomba Patch. Anayetaka Mazembe na Vita Club afungue sehemu ya kuhariri, atie rangi ya jezi, aandike majina mmoja mmoja. Ni kazi ya jioni mbili na inafanywa mara moja. Kadi nyingine zote zinanakiliwa kutoka hiyo.

Upande wa pili sasa, na una uzito wake.

Kwanza, mashine zinakufa. Sony iliacha kutengeneza Play 2 mwanzoni mwa 2013, kwa hiyo hata ile changa kabisa ni ya zamani. Ugonjwa mkubwa ni lenzi. Vumbi jeusi la lava letu ni jepesi na kali, linaingia kwenye reli ya lenzi na kukwaruza. Mashine inaanza kwa kukataa diski za bluu (zile za CD), kisha inakataa zote. Wengi wanapanguza kwa manukato au pombe ya kunywa, ambavyo huacha utando. Inatakiwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi, kitone kimoja kwenye pamba, bila kukandamiza. Lenzi ikishachoka, fundi anatoa nyingine kwenye mzoga wa mashine, na mizoga inapungua.

Dawa ya wengi ni kuiacha lenzi na kuchezesha kutoka USB, kwa Free McBoot, programu inayowashwa kutoka kadi ya kumbukumbu, na Open PS2 Loader, inayofungua michezo iliyo kwenye USB. Inafanya kazi, ila ina masharti ambayo wauzaji wa kadi hawayasemi. Mashine za mwisho za mfululizo wa 90000 hazikubali Free McBoot. Kadi bandia za megabaiti 64 huharibika na kufuta kila kitu. Mlango wa USB wa Play 2 ni wa kizazi cha kwanza, unapitisha megabaiti 1 hivi kwa sekunde, kwa hiyo video ya mwanzo itakwama-kwama hata kama mechi yenyewe inakwenda vizuri. Kwenye ufunguo uliopangwa kwa mfumo wa FAT32, faili linalozidi gigabaiti 4 ni lazima lipasuliwe. Halafu kosa linalowachosha wengi: ukifuta mchezo mmoja na kuongeza mwingine juu yake, vipande vinatawanyika na programu inakataa kuufungua. Futa ufunguo wote, nakili upya kwa mkupuo mmoja.

Pili, sehemu kubwa ya michezo hiyo ni nakala ambazo waliotengeneza hawakulipwa. Mtu anaweza kujitetea kwamba PES 2014 ya Play 2 haiuzwi tena popote ikiwa mpya, na ni kweli, lakini utetezi huo hauifanyi nakala kuwa halali. Mwenye sale anayejenga biashara juu ya nakala ajue anasimama wapi.

Tatu, na hili ndilo linalouma zaidi, vijana wenyewe. Mshindani wa sale ya Play 2 mara nyingi ni simu, na Play 5 ya jirani inakuja nyuma yake. eFootball, jina alilochukua PES mwaka 2021, ni bure kwenye simu, vikosi ni vya leo, na anayeuzoea anaweza kuingia mashindano. Aliyekulia kwenye PES ya zamani, mwenye kukimbia pembeni na kupiga krosi ile ile kila mara, akikaa mbele ya mchezo mpya atafungwa tano na mtoto wa miaka kumi na mbili. Ujuzi hauhami moja kwa moja. Kumwambia kijana anayetaka kushindana na wenzake wa Kigali au Nairobi kwamba ajifunzie Play 2 ni kumpotezea miaka. Simu nayo ina kiungo chake dhaifu: mega zikiisha, mchezo umefungwa. Na haina benchi. Watu wanalipia sale kwa ajili ya yule anayekaa begani kwako, na kwa kanuni kwamba anayefungwa ndiye anayelipa.

(Wapo wanaoipa Play 2 lawama kubwa zaidi kuliko zote, kwamba ndiyo iliyopandisha bei ya koltani mwaka 2000 na kuwasha moto huku kwetu. Bei ya tantali, metali inayotoka kwenye koltani, ilipanda kweli mwaka ule na kuporomoka uliofuata, lakini kapasita zinazotengenezwa nayo zilikuwa zikiingia katika simu na kompyuta za kila aina. Kulibebesha sanduku moja mzigo wote huo ni kuwarahisishia wengine.)

Kama mwenye sale anataka kusogea, basi Play 5 ni ngazi ya mwisho, si ya kwanza. Play 4 nyembamba inatumia wati 90 hivi kwenye mpira. Pamoja na televisheni 140, yaani karibu saa 4 kwa bateri ile ile, mechi 17. Diski yake inaingia, inajinakili ndani, inachezwa bila mtandao. Tatizo la betri ndogo ya saa ndani yake, ambalo lilitishia kuifungia michezo mashine iliyokosa seva, lilirekebishwa katika toleo 9.00 la programu ya mashine, la Septemba 2021. Ukinunua iliyotumika, uliza namba ya toleo kabla ya kuuliza bei. Weka hiyo mbele, karibu na mlango, na Play 2 mbili nyuma.

Utaratibu wa umeme ukikatika uwe umeandikwa ukutani. Play 4 inazimwa kwanza, tena kwa kitufe, ikiwa bado iko kwenye inverta, kwa sababu diski yake ngumu ikikatiwa katikati ya kuandika, ikiwaka tena inaanza kujikagua na kula dakika za wateja. Ikikatiwa mara nyingi inakataa kabisa. Play 2 inaachwa iendelee. Kitu pekee cha kuilinda ni kadi, na hiyo ni kwa sekunde zile ambazo mtu anahifadhi ligi yake.