Ziara ya Kikundi Katika Nubia Iliyozama

Kila siku kabla ya mapambazuko, mabasi yaliyojaa watalii hutoka Aswan, kusini mwa Misri, yakielekea Abu Simbel. Njia inakata jangwa kwa kilomita zipatazo 280. Wageni hufika jua likiwa bado la asubuhi, hupewa muda wa takriban saa mbili mbele ya mahekalu ya farao Ramesses wa Pili na mkewe Nefertari, kisha hurudishwa Aswan kwa chakula cha mchana. Kilomita 560 kwa saa mbili: hesabu hii ndiyo silaha kuu ya wale wanaosema kwamba ziara ya kikundi, yenye mwongozaji na ratiba iliyopangwa dakika kwa dakika, haimfunzi mtu chochote kuhusu magofu ya jangwani wala kuhusu watu wa mto.

Hoja yao si ya kupuuzwa. Kundi la watu 40 linalofika pamoja na makundi mengine kumi hugeuza ukumbi wa hekalu kuwa kama stendi ya mabasi. Sehemu kubwa ya fedha hubaki kwa wakala aliyeuza safari na kwa wenye meli za kitalii ambamo mgeni hulala, hula na kununua zawadi bila kushuka kijijini. Katika kijiji cha Kinubi cha Gharb Soheil, ng'ambo ya mto karibu na Aswan, nyumba zilizopakwa buluu na manjano zimegeuka kituo cha lazima cha ratiba, na mamba waliofungiwa ndani ya vizimba uani huonyeshwa kana kwamba ndio utamaduni wenyewe. Anayesema kwamba afadhali mtu aende peke yake, apande feluka, mashua ya tanga ya Nile, na nahodha mmoja, akae siku tatu na asikimbizwe na filimbi ya mtu, anasema jambo ambalo wengi wetu tungelipenda.

Tatizo langu na ushauri huo ni kwamba unadhani Nubia, nchi ya kale ya Wanubi kando ya Nile kutoka Aswan hadi ndani ya Sudan, ni mahali ambapo mtu akifika na kutuliza macho ataona. Sehemu kubwa ya Nubia ya Misri haionekani. Iko chini ya Ziwa Nasser, ziwa lenye urefu wa kilomita zipatazo 500 lililotokana na Bwawa Kuu la Aswan, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1960 na kukamilika mwaka 1970. Vijiji, mashamba ya ukingoni, mitende na makaburi ya mababu vilifunikwa na maji kutoka Aswan hadi ndani ya Sudan. Msafiri wa peke yake akisimama Abu Simbel ataona ziwa zuri la samawati na kudhani kwamba ndivyo Mungu alivyoliumba. Hakuna ishara yoyote katika maji hayo inayosema kwamba hapa palikuwa na watu. Ni lazima mtu amwambie.

Hapa ndipo ninapoona kwamba ziara yenye mwongozaji haijaeleweka. Ushahidi mzuri kuliko wote ni Qasr Ibrim. Ngome hii ilijengwa juu ya jabali refu, na kwa sababu hiyo ndiyo masalia makubwa pekee ya Nubia ya chini, yaani ya kaskazini, yaliyobaki mahali pake. Leo jabali limekuwa kisiwa. Wageni hawaruhusiwi kushuka. Meli zinazosafiri ziwani kwa siku kadhaa kati ya Aswan na Abu Simbel husimama karibu, abiria hukusanyika sitahani, na mwongozaji huwaeleza juu ya mahekalu ya kifarao, kanisa kuu la wafalme Wakristo wa Nubia na askari wa Dola ya Osmani walioishi humo kwa zamu ya karne na karne. Ukiondoa maelezo hayo, kinachobaki ni mawe ya rangi ya kahawia kwa mbali. Chombo binafsi cha kumpeleka mtu mmoja huko ni ghali mno. Bila kikundi cha kugawana gharama, wengi wasingefika kabisa.

Lakini utetezi huu unadumu tu iwapo mwongozaji anasimulia habari yote, na kwa kawaida anasimulia nusu. Nusu inayosimuliwa ni ile ya mawe. Mwezi Machi 1960 UNESCO iliita dunia iokoe mahekalu na magofu ya kale ya Nubia, na dunia ikaitika. Mahekalu ya Abu Simbel yalikatwa vipande zaidi ya 1,000, vingine vyenye uzito wa tani 20 na zaidi, yakajengwa upya mita 65 juu ya mahali pa asili na mita 200 nyuma. Kazi ilianza mwaka 1964 na kumalizika mwaka 1968, kwa gharama iliyokaribia dola milioni 40 za wakati huo. Hekalu la Amada, ambalo michoro yake ya rangi isingevumilia msumeno, lilisukumwa zima juu ya reli kwa zaidi ya kilomita mbili. Hekalu la Debod liko Madrid, la Dendur liko New York. Ni kazi ya kustaajabisha kweli, na sioni sababu ya mtu yeyote kuionea haya.

Nusu ya pili ni ya watu. Katika miaka hiyohiyo ya 1963 na 1964 Wanubi wapatao 50,000 wa Misri walihamishwa, na upande wa Sudan idadi inayokaribia hiyo wakatolewa Wadi Halfa na vijiji vyake na kupelekwa Khashm el-Girba, mamia ya kilomita kutoka mtoni mwao. Watu wapatao 100,000 kwa jumla. Nimeirudia tarakimu hii mara nyingi kwa sababu kila ninapoisoma karibu na zile za mawe, mizani haikai sawa. Kwa hekalu, wahandisi walipima pembe hadi miale ya jua iendelee kuingia patakatifu mwezi Februari na Oktoba kama ilivyokuwa zamani. Kwa mwanakijiji ambaye mlango wake ulitazama Nile tangu enzi za babu yake, kilichojengwa ni nyumba za saruji za mistari iliyonyooka katika eneo la Kom Ombo, mbali na mto. Jiwe lilihamishwa pamoja na mwelekeo wake. Mtu akahamishwa bila mto wake.

Katiba ya Misri ya mwaka 2014, katika ibara ya 236, iliahidi mpango wa kuwarejesha Wanubi kwenye maeneo yao ya asili katika muda wa miaka 10. Muda huo ulikwisha mwaka 2024, na suala la kurejea bado liko palepale.

(Msomaji wa Nairobi asichanganye Wanubi hawa na Wanubi wa Kibera. Wa Kibera ni wazao wa askari waliochukuliwa Sudan na kutumikia jeshi la Waingereza, na Kinubi chao ni lugha iliyozaliwa na Kiarabu. Wanubi wa Nile wana lugha zao za kale, Kinobiin na Kikenzi, ambazo hazitokani na Kiarabu.)

Nikirudi kwenye zile saa mbili, naona kwamba lawama imeelekezwa pasipostahili. Msafiri wa peke yake anayelala Aswan hupanda basi dogo la alfajiri ileile na hurudi saa ileile, akiwa na tofauti moja tu: hana wa kumweleza. Kinachobana muda ni desturi ya kulala Aswan. Kikundi kinacholala Abu Simbel usiku mmoja huyaona mahekalu jioni, mabasi yakiwa yamekwisha kuondoka, na fedha ya kitanda, ya samaki na ya chai huingia mikononi mwa watu wa mji huo, wakiwamo Wanubi waliorudi kuishi kando ya ziwa. Wakala mwenye wageni 20 anaweza kupanga hilo kwa simu moja.

Kuna vikwazo ambavyo nia njema haiviondoi. Sheria ya Misri humtaka kila anayeongoza watalii awe na leseni, na leseni huja baada ya masomo ya chuo. Nahodha wa feluka ambaye mama yake alizaliwa katika kijiji kilichozama hana ruhusa ya kusimama mbele ya kundi na kulisimulia. Ndani ya mahekalu ya Abu Simbel mwongozaji mwenyewe haruhusiwi kutoa maelezo, ili msongamano usizidi, hivyo hulazimika kumaliza yote nje kwenye jua, na kinachokatwa kwanza ni kile kisichokuwamo kwenye mtihani wa mafarao. Haya yanarekebishika. Kumweka nahodha pembeni mwa mwongozaji mwenye leseni, azungumze dakika 20 mashua ikiwa katikati ya mto, hakuvunji sheria yoyote.

Na kuna Kom Ombo. Karibu kila meli ya kitalii kati ya Luxor na Aswan hutia nanga hapo ili wageni waone hekalu la Sobek, mungu mwenye kichwa cha mamba. Hutembea hatua chache kutoka gatini, huangalia mamba waliokaushwa katika jumba la makumbusho, na hurudi melini. Vijiji vya Nasr al-Nuba, ambako ndiko walikopelekwa watu wa Nubia ya Misri, viko mwendo mfupi wa gari kutoka gati hilo. Katika safari nzima, hapo ndipo mtalii hukaribia zaidi mahali walipo watu wengi waliohamishwa, na kwa kawaida meli hung'oa nanga bila mtu kuwanyooshea kidole upande wa mashariki.