Milioni 23 za Wamarekani na katiba yetu: nani alinunua nani?

Kila mara katiba ikikwama mahali utaskia mtu akisema "si hii ni katiba ya wazungu", na ushahidi ni ule ule, kwamba mwaka 2010 mbunge wa Marekani Chris Smith alidai serikali yao imemwaga zaidi ya dola milioni 23 kwa mchakato wa katiba yetu ya Kenya na hela zikasukuma upande wa Ndio kwenye kura ya maoni. Balozi wao hapa, Ranneberger, naye hakusaidia, alikua haachi kuongea, alafu Biden, wakati huo makamu wa rais wao, akatua Nairobi mwezi wa Juni akatuahidi kwamba mageuzi yakipita wawekezaji watamiminika. Hapo walivuka mpaka, sibishi. Mgeni wa jirani akikuonyesha chumvi ya kutia kwa mchuzi wako unakasirika hata kama anajua kupika.

Lakini hizo milioni 23 watu wanazitaja tu bila kuzipigia hesabu. Walioandikishwa kupiga kura walikua milioni 12.6, dola ilikua kama bob 80. Gawanya. Unapata kama bob 145 kwa kila mpiga kura, na hazikuingia mfuko wa mtu, zililipa mafunzo ya uraia, kukodi kumbi, mafuta ya gari, na ndio, warsha za hotelini na posho za wakubwa. Mheshimiwa akija kutafuta kura huku kwetu anaacha zaidi ya hiyo kwa siku moja na bado anaanguka! Sasa bob 145 ndio ilinunua kura milioni 6 za Ndio? Na wale milioni 2.8 waliosema La, wao walikosaje kununulika?

Tena kwa kura ya maoni ya 2005 juu ya rasimu ingine, hela za wafadhili za kufundisha raia zilikua zishatumika miaka kadhaa, rais na mawaziri wengi wako upande wa ndizi, alama ya Ndio, na Wakenya wakachagua chungwa, alama ya La. Watu wamepigwa virungu tangu maandamano ya Saba Saba ya 1990 wakidai mageuzi, alafu unaniambia ni wazo la ofisi fulani ya Washington.

Kitu hakisemwi sana ni kwamba hata La ilikua na Wamarekani wake. ACLJ, shirika la mawakili lililoanzishwa na mhubiri Pat Robertson, lilifungua tawi Nairobi mwaka huo huo na likapinga rasimu kwa sababu ya kifungu cha utoaji mimba na mahakama za Kadhi. Smith naye hoja yake ilikua hiyo hiyo ya mimba, sheria yao inakataza hela za msaada kupigia debe mambo hayo. Kwa hivyo sehemu kubwa ya zile kelele ilikua ugomvi wa nyumbani kwao, sisi tukawa uwanja.

Lawama ninayoikubali ni ingine. Mfadhili analipia kitu chenye tarehe ya mwisho. Rasimu ina tarehe, kura ina tarehe, 4 Agosti, ripoti inaandikwa faili inafungwa. Kutekeleza hakuna tarehe. Angalia ile theluthi mbili ya jinsia, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti, Bunge limeikwepa mpaka Jaji Mkuu Maraga akamshauri rais alivunje Septemba 2020, na halikuvunjwa. Hiyo hakuna dola ingeiponya, ni wabunge wetu wenyewe. Na sasa USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, imefungwa, tutaona kisingizio kitakua nani.

Nakumbuka baraza moja ya mafunzo chini ya mti wa mwembe, kijana wa shirika anatusomea kifungu cha 43, haki ya maji safi na ya kutosha. Mama mmoja nyuma, kitoto mgongoni, akauliza, "Mwanangu, na hayo maji yanakuja lini?" Kijana akacheka, akapekua kijitabu chake mbele na nyuma, alafu akatuambia tupange laini tuweke sahihi ya soda.