Baridi ya Njombe nayo ihesabiwe
Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema mashine inayopitisha mwanga kwenye sampuli itamaliza makosa ya kusoma kingamwili za makundi ya damu kwa macho. Kwa mshikamano hafifu wa seli nyekundu, ambao ndio dalili ya kingamwili, namuunga mkono kabisa: jicho lililokesha zamu huupita, na mjamzito wa Rh hasi (asiye na alama ya D kwenye seli zake nyekundu) mwenye anti-D, kingamwili dhidi ya alama hiyo inayoweza kumdhuru mtoto tumboni, akakosa ufuatiliaji. Ila sisi wa maabara huku Njombe tunaijua baridi ya Juni na Julai. Kuna kingamwili zinazoshikanisha seli nyekundu chumba kikipoa. Pasha sampuli hadi nyuzi 37, zinaachia. Mwanga utaupima mshikamano huo vizuri tu, bila kujua umetokana na nini. Kipasha joto kije pamoja na mashine, tafadhali, si bajeti ijayo. Wenzangu wa Mbeya na Makete, huko mnapasha kabla ya kusoma?