Ukipanga kwenda Aktiki, anza na jua

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka Tanga. "Dada, shikamoo. Nimempata wakala ana safari ya Tromsø, siku tano, mwezi wa sita, kwenda kuziona zile nuru za kaskazini. Nilipe?" Nikamwambia asitoe hata shilingi. Tromsø, kaskazini mwa Norwei, jua halizami tangu takriban tarehe 20 Mei mpaka 22 Julai. Kuzitafuta nuru za kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku, mwezi wa sita ni sawa na kutafuta nyota saa saba mchana pale Raskazone. Zipo juu huko, ila anga imejaa mwanga na jicho halizioni. Wakala aliyetaka kumwuzia safari ile ama hajui anachokiuza, ama anajua na hajali, na kwa mtu aliyejinyima miaka minne kupata nauli, mimi sioni tofauti.

Nilisoma mambo ya uvuvi Tromsø kwa miaka miwili, kwa hiyo maswali haya huniijia mara kwa mara. Karibu wote huanza na baridi: kuna nyuzi ngapi, nitaganda? Naelewa. Lakini baridi ni jambo la nguo, na nguo zinanunulika. Kinachomgeuza mtu wa kwetu kule ni mwanga. Sisi tumezaliwa karibu na ikweta. Tanga au Dar es Salaam, tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki saa moja. Hata saa yetu tumeijenga juu ya jua: likichomoza, tunaanza kuhesabu, saa moja, saa mbili, likizama, tunaanza upya. Sasa mpeleke mtu mwenye saa hiyo kichwani mahali ambapo, kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari, jua halichomozi kabisa.

Watu hudhani basi ni giza totoro. Sivyo. Kwenye saa tatu hivi asubuhi anga huanza kupauka kama alfajiri. Unangoja kupambazuke. Badala yake, theluji inageuka buluu, milima inageuka buluu, ukingo wa kusini unapata rangi ya waridi, na kabla adhuhuri haijapita vizuri unajikuta tayari umo magharibi. Alfajiri imeungana na magharibi, katikati hamna kitu. Mwezi wangu wa kwanza wa giza nilikuwa napika wali saa nane mchana nikiamini ni chakula cha usiku. Wenzetu Waislamu wana jambo zito zaidi, sala tano na Ramadhani, maana nyakati zake hufuata jua. Mjini humo wapo wanaofuata saa za Makka. Anayesafiri aulize msikitini mapema.

Ndiyo maana nikiulizwa mwezi gani, jibu langu ni moja: fika kabla ya tarehe 21 Januari, ukae mpaka wiki ya kwanza ya Februari. Desemba watu hujazana kwa ajili ya Krismasi na bei hupaa. Lakini tarehe 21 Januari ni siku ya jua, wenyeji huiita Soldagen. Kwa hesabu za wanaastronomia jua limekwisha kurudi siku chache nyuma, ila milima ya kusini bado inalificha. Siku hiyo, mawingu yakikubali, linachungulia mlimani kwa dakika chache karibu na saa sita mchana, watoto wa shule wanatoka nje kulipokea, na mji mzima unakula solboller, maandazi ya mviringo yaliyotiwa jamu ndani. Niliwahi kusimama ng'ambo ya daraja, kando ya lile kanisa jeupe la pembetatu, na bibi mmoja nisiyemjua akanishika mkono jua lilipotugusa usoni. Sikuwahi kulitazama jua namna ile, na nimekulia ufukweni.

Baada ya hapo mchana hurefuka kwa kasi ya ajabu, hata kufikia tarehe 20 Machi Tromsø na Tanga zina mchana wa karibu saa kumi na mbili sawasawa. Usiku nao bado una giza la kutosha kwa nuru za kaskazini. Hizo huonekana kuanzia mwisho wa Agosti mpaka mwanzoni mwa Aprili, na adui yao mkubwa ni mawingu, kwa kuwa mji uko pwani. Waongozaji hupakia watu kwenye gari na kukimbilia bara, wakati mwingine mpaka upande wa Ufini. Siku mbili hazitoshi, panga usiku tano. Na ujue kwamba kamera hukoleza ule ukijani. Kwa macho mara nyingi utaona kwanza utepe uliopauka kama moshi, halafu ndipo ucheze.

Septemba pia nzuri, majani ya miti yamegeuka dhahabu na baridi si kali. Kwa mwenye watoto, ningesema Septemba.

Tuje kwenye baridi. Wastani wa Januari Tromsø ni kama nyuzi 4 chini ya sifuri, kwa sababu mkondo wa maji ya vuguvugu kutoka Atlantiki huipasha pwani ile, hata bandari haigandi, ingawa mji uko kilomita zipatazo 350 ndani ya Duara ya Aktiki. Usiku wa kupanda kilele cha Kibo mara nyingi ni mkali kuliko huo. Kwa hiyo wale wanaokodisha mavazi ya wapanda mlima Moshi wanaweza kukusaidia, na majaketi mazito ya mtumba hupatikana kwa bei ndogo kwa kuwa wanunuzi ni wachache. Kitu cha kutobania hela ni nguo za ndani za sufu. Pamba ikinyonya jasho hubaki na unyevu, na unyevu ndio unaokugandisha. Ukifika, nunua vyuma vya kuvaa chini ya viatu usiteleze kwenye barafu, brodder. Mimi nilivunjika kifundo cha mkono wiki ya tatu, nikienda dukani kununua mkate.

Viza ni ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya: ada ya mtu mzima euro 90, bima ya angalau euro 30,000, maombi kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla yake. Kwa safari ya Januari, anza Septemba. Ukitamani kuunganisha na Svalbard, visiwa vilivyo kaskazini zaidi, tahadhari: Svalbard ni ya Norwei lakini haimo Schengen, kwa hiyo uwe na viza ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo hutaweza kurudi Norwei bara. Tena Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa hivyo, jua halifiki mjini mpaka tarehe 8 Machi. Iache kwa safari nyingine.

Tarehe 6 Februari ni sikukuu ya Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, na katika wiki hiyo kulungu wa Aktiki hukimbizwa kwa mashindano katikati ya barabara kuu ya Tromsø, Storgata. Nenda. Ila usimwulize mfugaji ana kulungu wangapi. Ni kumwuliza ana fedha kiasi gani benki, na mtu yeyote aliyekaa na wafugaji wa kwetu anajua swali hilo halina heshima.

Mdogo wangu ameshaacha ile safari ya mwezi wa sita. Anatafuta tiketi ya tarehe 18 Januari, na mimi nimeomba likizo ili nikampokee Tromsø.