Ufunguo Wangu Ulivyokamatwa Tomsk

Tomsk, Urusi, mwezi wa Januari. Nje ni nyuzi 30 chini ya sifuri, na mimi mtoto wa Tanga nimevaa suruali mbili na bado natetemeka. Kazi yangu maabara ilikuwa ndogo: kufuta vipande vya chuma kwa spiriti, kuvipanga kwenye kishikilio na kufunga mdomo.

Ile mashine ya kung'arisha chuma kwa elektroni ilinilewesha. Pampu inanyonya hewa yote, kisha tap! Elektroni zinarushwa kwa kilovolti 20 hivi, kwa mikrosekunde 3 tu. Ngozi ya chuma, mikromita chache, inayeyuka. Kule chini chuma bado baridi, kinalivuta lile joto na ngozi inaganda kabla haijajua kama iliyeyuka. Kinaingia kimefubaa, kinatoka kinang'aa kama kipara cha shemeji.

Nikautazama ufunguo wangu wa bwenini. Mweusi, umechakaa. Na kwenye kishikilio pana nafasi moja. Shetani ana haraka: nikauchomeka.

Nilichosahau ni kwamba ufunguo ule ni wa shaba ya njano, yaani shaba nyekundu iliyotiwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, wakati shaba nyekundu inangoja 1,085 ndiyo iyeyuke. Hiyo ni penye hewa. Pasipo hewa, zinki haingoji hata kuitwa.

Fundi mzee yuko kwenye vitufe, kanipa mgongo. Mimi nimeganda kwenye kidirisha cha mashine nahesabu mapigo yake. La tano, kioo kikaanza kuingia ukungu. La kumi, mambo ya ndani siyaoni vizuri. La ishirini naiona sura yangu mwenyewe, imepauka, inaniangalia.

Mzee alipofungua, kuta za ndani zimepakwa zinki. Vipande vya titani vya dada mmoja wa Kazakhstan, alivyovisugua wiki nzima, navyo vimepakwa. Akauinua ufunguo kwa kibano. Kung'aa kwenyewe hakuna! Umekuwa mwekundu, una vishimo kama uso wa mgonjwa wa tetekuwanga.

"Wa nani?"

Kimya. Akaugeuza. Namba ya chumba changu haikuyeyuka hata tarakimu moja.

Akaufungia kwenye droo yake, akaondoka. Nikasugua kuta hadi saa tisa usiku, nikatembea kwenye theluji mpaka bwenini, ndipo nikapapasa mfukoni. Bibi wa zamu akaniuliza ufunguo uko wapi. Kirusi changu kilikuwa bado kichanga, nikamwambia umekamatwa.