Jike ni nini, na nani akimbie? Jeni moja katika riadha ya wanawake

Tangu tarehe 1 Septemba 2025, mwanamke anayetaka kushindana kwenye mashindano makubwa ya Shirikisho la Riadha Duniani lazima kwanza apimwe, mara moja maishani, kama ana jeni iitwayo SRY, ambayo kwa kawaida hupatikana kwa wanaume. Kijiti cha pamba hupitishwa ndani ya shavu, au hutolewa damu kidogo. Isipoonekana, amepita. Ikionekana, mlango wa mbio za wanawake unafungwa, mpaka uchunguzi zaidi uthibitishe kwamba mwili wake hauitikii kabisa homoni za kiume.

Wanaokiunga mkono kipimo hiki wanasema ubishi umekwisha. Wanaokipinga wanasema ni kuwadhalilisha wanawake. Mimi naona wanajibu maswali mawili tofauti. Moja ni jike ni nini. La pili ni nani akimbie na wanawake.

La kwanza lina jibu la zamani katika baiolojia. Jike ni upande unaotoa mbegu kubwa, yaani yai lenye akiba ya chakula. Dume ni upande unaotoa mbegu ndogo na nyingi. Kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, ni njia tu ya kufika huko, na njia zenyewe hazifanani. Kwa binadamu mwanamke ana XX na mwanamume XY, lakini kwa kuku ni kinyume: jogoo ndiye mwenye mbili zinazofanana, tetea ana zinazotofautiana. Kasa hawana hata hizo. Mchanga ukiwa wa moto zaidi, mayai hutoa majike wengi. Mkulima wa mipapai naye husubiri maua. Vichala virefu vinavyoning'inia, huo ni dume. Ua nene lililokaa karibu na shina, huo ni jike. Na upo wa tatu, wenye ua la pande zote mbili, ambao tunda lake huwa refu. Huo wa tatu haujawahi kumfanya mkulima aseme hakuna jike wala dume.

Kwa binadamu, kiinitete cha wiki tano au sita bado hakijaelemea upande wowote. SRY ikiamka, korodani huanza kujengeka. Isipokuwepo, jeni nyingine hushika kazi ya kujenga ovari, na ni kazi kweli: zamani ilidhaniwa ujike ni kile kinachobaki tu dume lisipotokea, leo tunajua haiko hivyo. Mtoto wa kike akiwa tumboni, karibu wiki ya ishirini, huwa na vijiyai kama milioni 6 au 7. Anazaliwa na milioni 1 hadi 2, na anavunja ungo akiwa amebakiwa na laki chache. Kwa hiyo yai ulilotokana nalo wewe lilianza kuumbwa mama yako alipokuwa tumboni mwa bibi yako. Mambo haya yana uzito, na anayesema neno "mwanamke" halina msingi wowote mwilini hasemi kweli.

Uzito huohuo ndio hoja ya shirikisho. Balehe ya kiume hujenga misuli, mifupa mirefu, moyo mkubwa na damu yenye uwezo zaidi wa kubeba oksijeni. David Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 jijini London mwaka 2012. Rekodi ya wanawake, ya Jarmila Kratochvílová tangu 1983, ni 1:53.28. Tofauti ni zaidi ya sekunde 12, na 1:53 si muda wa kumshangaza kocha wa wavulana wa sekondari. Bila mbio za wanawake peke yao, binti zetu wasingefika fainali hata siku moja. Hapo nakubaliana na shirikisho bila kusita.

Tatizo langu ni kuiachia jeni moja neno la kwanza. Mwaka 1985 mruka viunzi wa Hispania, María José Martínez-Patiño, alikutwa na kromosomu XY huko Kobe, Japani. Mwili wake haukuitikia testosteroni, homoni kuu ya kiume, hivyo homoni hiyo haikumpa faida yoyote. Alipoteza nafasi kwenye timu na kuanikwa magazetini, akarudishiwa haki yake mwaka 1988, wakati miaka yake bora imepita. Kwenye Olimpiki ya Atlanta 1996, wanawake 8 kati ya 3,387 walikutwa na SRY. Wote waliruhusiwa kushindana, na kabla ya Sydney 2000 kipimo kikaachwa. Andrew Sinclair, mmoja wa walioigundua jeni hiyo mwaka 1990, ameupinga hadharani utaratibu mpya: jeni inaweza kuwepo na isifanye kazi yake.

Na anayeguswa ana sura. Kwenye jukwaa la mita 800 huko Rio 2016 walisimama Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Kanuni za shirikisho zilizotangazwa 2018, zilizoweka kikomo cha testosteroni mwilini, ziliwafungia mlango wote watatu katika mbio hizo. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, akaweka rekodi ya dunia ya mita 2000 mwaka 2021, kisha kanuni za 2023 zikamfuata huko pia. Julai 2025 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Semenya, aliyezipinga kanuni hizo mahakamani, hakusikilizwa kwa haki nchini Uswisi. Kanuni zenyewe haikuzigusa.

Mafakihi wa Kiislamu walilikuta suala la huntha, yaani mtu ambaye mwili wake hauonyeshi wazi kama ni wa kike au wa kiume, karne nyingi kabla ya maabara, kwa sababu mirathi na safu za sala zilidai jibu. Walitazama alama kadhaa: mkojo unatokea wapi, balehe imeleta hedhi au ndevu. Palipobaki utata, walishika tahadhari. Kenya nayo iliwahesabu watu hawa katika sensa ya 2019, wakapatikana 1,524, na sheria yake ya watoto ya 2022 inawataja.

Kwa hiyo mbio za wanawake zilindwe, ila binti asijue habari za mwili wake uwanjani. Pwani, msichana wa miaka kumi na saba ambaye hajavunja ungo hujulikana kwa mama na kwa somo wake, yaani mwanamke anayemfunda, tena mapema. Anachokosa ni daktari wa kumweleza. Kipimo kifanyike nyumbani, kabla ya viza na tiketi, majibu yabaki kwake na kwa daktari. Na kabla kijiti hakijagusa shavu, aketishwe na mtu anayemwamini, aambiwe kwa lugha yake kinatafuta nini, kinaweza kusema nini, na kwamba ana haki ya kukataa.