Mtoto akihara damu, kwa nini kila mtu anasema amiba?

Hapa Kampala mtoto akihara damu jirani wa kwanza keshasema "hiyo amiba, kanunue Flagyl", na wa duka la dawa naye haulizi kitu, anahesabu vidonge anafunga kwenye kikaratasi, imekwisha.

Sisemi hawana sababu. Amiba ipo, ikiachwa inaweza kufika kwenye ini ikafanya jipu, Flagyl ni bei ya chini, na kuotesha choo maabara ili kuona ni bakteria gani ni siku mbili tatu, nani atakaa angoje? Mtu mzima ambaye tumbo limemsumbua polepole wiki nzima bila homa kali, hata mimi nitawaza amiba.

Lakini mtoto jana alikuwa anacheza, leo anachemka, tumbo linamkata, kila saa chooni na kinachotoka ni makamasi na damu kidogo tu... mara nyingi huyo ni bakteria, hasa shigela, na Flagyl haimgusi. Ndiyo maana WHO wanasema mtoto wa hivyo aanze na dawa ya shigela, amiba isubiri mpaka hadubini ionyeshe amiba zenye chembe nyekundu za damu ndani yake, au dawa mbili za shigela zishindwe.

Hayo maneno "zenye damu ndani yake" ndiyo watu wanayaruka. Kuna amiba nyingine, Entamoeba dispar, mpole haina neno na mtu, na kwenye hadubini inafanana kabisa na ile mbaya, isipokuwa ile mbaya ikutwe imemeza chembe za damu, mpaka 1993 ndiyo zikatenganishwa rasmi. Kwa hiyo karatasi ikirudi imeandikwa tu amiba imeonekana, bado hujajua damu inatoka wapi. Tena choo chenyewe kinatakiwa kipimwe bado cha moto, ndani ya nusu saa hivi, wewe umekibeba kwenye kopo tangu asubuhi juu ya boda na hii jam yetu, amiba ilishaacha kutembea zamani, musawo (daktari) ataona nini?

Wanaoogopa sipro (ciprofloxacin, hiyo dawa ya shigela) kugawiwa kama peremende nao wana pointi, shigela alishaizoea septrin, antibiotiki ya zamani, na sasa anaizoea hata sipro yenyewe.

Ila Flagyl sifa inazipata wapi? Shigela kwa mtu mwenye nguvu zake huisha yenyewe kama wiki moja hivi, na dozi ya Flagyl ni siku tano mpaka saba. Mtoto anapona siku vidonge vinapoisha, basi mama anaenda kumwambia jirani mwingine.